Wasiwasi, Umakini na Mkwaju wa Penalti: Namna Hofu Inavyoathiri Utendaji Katika Michezo na Mazoezi

Utangulizi

Katika misimu mitatu iliyofuatana, vilabu viwili vikubwa vya Dar es Salaam vilitolewa katika robo fainali za mashindano ya Afrika kwa njia ileile. Mwezi Aprili 2022, Simba ilitolewa na Orlando Pirates ya Afrika Kusini katika Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti 4-3. Aprili 2023, Simba hiyohiyo ilitolewa na Wydad ya Morocco katika Ligi ya Mabingwa, safari hii mjini Casablanca, tena kwa mikwaju 4-3. Aprili 2024 ikawa zamu ya Yanga, iliyotolewa na Mamelodi Sundowns mjini Pretoria kwa mikwaju 3-2. Katika mara zote tatu, timu ya Tanzania ilikuwa ugenini, na katika zote ilikuwa imekwisha kulingana na mpinzani wake kwa dakika 180 za mechi mbili.

Mijadala ya mashabiki na wachambuzi iliyofuata kila kipigo ilielekea kuegemea upande mmoja kati ya pande mbili. Upande wa kwanza ulishikilia kwamba matuta ni bahati nasibu, hivyo hakuna la kujadiliwa. Upande wa pili ulisema kwamba wachezaji walikuwa waoga, yaani kasoro ilikuwa katika tabia yao. Maelezo haya yanapingana, lakini yanafanana katika jambo moja: yote mawili yanafunga uchunguzi kabla haujaanza. Bahati haifundishiki, na tabia ya mtu mzima haibadilishwi kwa mazoezi ya majuma mawili. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti, kwamba wasiwasi ni hali yenye utaratibu wake wa kufanya kazi, na kwamba madhara yake makubwa kwa mwanamichezo hutokana na kuhamisha umakini wake kutoka mahali unapohitajika. Ustadi unakuwa bado upo. Kinachopotea ni njia ya kuufikia.

Tahadhari moja inafaa kutangulizwa. Matukio matatu ni machache mno kuthibitisha lolote kuhusu wachezaji wa nchi fulani. Simba hiyohiyo iliitoa Zamalek, iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika, mjini Cairo mwaka 2003, na iliitoa kwa mikwaju ya penalti. Anayetaka kujenga nadharia ya woga wa Mtanzania kutokana na Casablanca na Pretoria atalazimika kwanza kuieleza Cairo.

Dhana ya wasiwasi

Utafiti wa wasiwasi michezoni umejengwa juu ya tofauti iliyofafanuliwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Charles Spielberger, mwaka 1966. Spielberger alitenga wasiwasi wa hulka, ambao ni mwelekeo wa kudumu wa mtu kuyaona mazingira mengi kuwa ya kutisha, na wasiwasi wa hali, ambao ni hisia ya hofu na mkazo inayomjia mtu kwa wakati fulani na kumwondokea baadaye. Mchezaji mwenye hulka tulivu anaweza kupatwa na wasiwasi mkubwa wa hali anapotembea peke yake kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye doa la penalti. Vilevile, mwenye hulka ya wasiwasi anaweza kuwa mtulivu kabisa katika mazingira aliyoyazoea. Shabiki anaposema kwamba mchezaji fulani ni mwoga, anachukua hali ya sekunde 30 na kuigeuza kuwa hulka ya maisha.

Rainer Martens aliiingiza tofauti hiyo katika michezo kwa kutunga hojaji ya wasiwasi wa mashindano mwaka 1977. Baadaye, yeye na wenzake Vealey na Burton (1990) waliugawa wasiwasi wa hali katika sehemu mbili, na kuongeza ya tatu iliyo kinyume chake. Wasiwasi wa kiakili ni mawazo ya kushindwa, kuaibika na kuangusha wenzake. Wasiwasi wa kimwili ni mapigo ya moyo kwenda mbio, viganja kutoka jasho, tumbo kuvurugika, misuli kukaza na kinywa kukauka. Sehemu ya tatu ni kujiamini. Mgawanyo huu una manufaa kwa sababu sehemu hizo haziendi pamoja daima: wasiwasi wa kimwili kwa kawaida hupanda karibu sana na kuanza kwa shindano na hushuka mchezo ukianza, ilhali ule wa kiakili unaweza kuanza siku kadhaa kabla na kupanda na kushuka kadiri mchezaji anavyokadiria uwezekano wa kushindwa.

Kutoka kwenye kiasi hadi kwenye umakini

Kwa muda mrefu swali kuu lilikuwa la kiasi: ni wasiwasi wa kadiri gani unaomfaa mwanamichezo? Jibu la mazoea lilichukuliwa kutoka kwa Yerkes na Dodson (1908), nalo huchorwa kama kilima: msisimko ukiwa mdogo utendaji huwa hafifu, ukiwa wa wastani utendaji hufika kileleni, ukizidi utendaji hushuka taratibu. Mchoro huo umerudiwa katika vitabu vya ualimu wa michezo kiasi cha kuonekana kama sheria ya maumbile. Ni vyema ikumbukwe kwamba jaribio lenyewe lilihusu panya waliofundishwa kutofautisha njia mbili kwa kupigwa shoti ya umeme. Hapakuwa na mchezo, mashindano wala hofu ya kuaibika mbele ya watu.

Fazey na Hardy (1988) waliupinga mteremko wa taratibu. Kwa maoni yao, wasiwasi wa kiakili unapokuwa juu, ongezeko dogo la msisimko wa mwili linaweza kuuporomosha utendaji ghafla, na mchezaji harudi alipokuwa kwa kupunguza msisimko kidogo tu; hulazimika kutulia sana ndipo aanze kupanda upya. Yeyote aliyemwona mlinda mlango akifanya kosa moja, kisha la pili na la tatu ndani ya dakika 10, anautambua mporomoko huo. Yuri Hanin, aliyeanza kazi yake katika Umoja wa Kisovyeti, alipinga kwa njia nyingine: kila mwanamichezo ana ukanda wake wa wasiwasi ambamo hufanya vizuri, na kwa baadhi ukanda huo uko juu. Kocha anayewatuliza wachezaji wote kwa maneno yaleyale kabla ya mechi, kwa hiyo, huenda akawa anamsaidia mmoja na kumharibu mwingine.

Hata hivyo, nadharia hizi hueleza lini utendaji unashuka kuliko kueleza kwa njia gani unashuka. Swali la pili ndilo lenye faida kwa mwalimu wa mchezo, na majibu yake makuu ni mawili.

Jibu la kwanza ni la kujichunguza kupita kiasi. Roy Baumeister (1984) alieleza kwamba shinikizo humfanya mtu ageuze macho yake ndani na kuanza kusimamia kwa makusudi kitendo ambacho mwili ulikuwa umekwisha kukizoea. Richard Masters (1992) alilijaribu wazo hilo kwa wanafunzi wa gofu. Baadhi walifundishwa kusukuma mpira kwa maelekezo ya wazi, hatua kwa hatua. Wengine walijifunza huku akili yao ikishughulishwa na kazi nyingine ya kutaja herufi ovyo, hivyo hawakuweza kujikusanyia kanuni za maneno. Walipowekwa chini ya shinikizo, waliojifunza bila kanuni hawakuyumba kama wale waliofundishwa kwa maelekezo. Aliyejifunza kwa maneno ana maneno ya kujihoji nayo pale moyo unapodunda. Mfano wa kila siku ni mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake bila shida kwa miaka mingi. Siku akiamua kufikiria kila unyayo unakanyaga wapi, ndiyo siku anayojikwaa.

Jibu la pili linatoka kwa Michael Eysenck na wenzake (2007). Binadamu ana mifumo miwili ya umakini: mmoja huongozwa na lengo lake, mwingine huvutwa na chochote kinachojitokeza mbele yake. Wasiwasi hudhoofisha mfumo wa kwanza na kuupa nguvu wa pili, hasa pale kinachojitokeza kinapokuwa cha kutisha. Mtu mwenye wasiwasi hutazama kitisho kabla ya lengo. Mawazo ya kushindwa pia hula nafasi katika kumbukumbu tendaji, yaani ile sehemu ya akili inayoshika mambo machache ya wakati huo. Mchezaji anaweza kufidia upungufu huo kwa kuongeza juhudi, na ndiyo maana mara nyingi wasiwasi hauonekani katika matokeo. Unaonekana katika gharama ya kuyapata.

Ushahidi wa mkwaju wa penalti

Mkwaju wa penalti ni uwanja mzuri wa kuyapima majibu haya kwa kuwa karibu kila kitu kimeshikiliwa mahali pamoja: umbali ni meta 11, mpira hautembei, na mlinda mlango hana budi kubaki mstarini. Geir Jordet wa Norway na wenzake (2007) walichunguza mikwaju 409 kutoka mechi 41 za Kombe la Dunia, Kombe la Ulaya na Copa América zilizoamuliwa kwa penalti kati ya 1976 na 2004. Walitaka kujua kipi kina uhusiano mkubwa zaidi na matokeo: uchovu, ustadi au uzito wa mkwaju wenyewe. Uzito wa mkwaju ndio uliojitokeza kuwa na nguvu zaidi. Jordet na Hartman (2008) wakaendelea na mikwaju 359, wakitofautisha ule ambao ukifungwa timu inashinda papo hapo na ule ambao ukikoswa timu inatolewa papo hapo. Wapigaji walikosa zaidi katika aina ya pili, na katika aina hiyohiyo ndipo walipoonyesha dalili za kukwepa: kumpa mlinda mlango mgongo wakati wa kurudi nyuma, na kuharakisha maandalizi kana kwamba walitaka tu jambo liishe. Goli, mpira na umbali havikubadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho mpigaji alikuwa akikikimbia.

Ushahidi wa macho unakamilisha picha hiyo. Wilson, Wood na Vine (2009) waliwafunga wanasoka 14 wenye uzoefu vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho, wakawapa wapige penalti katika mazingira ya utulivu na katika mazingira ya kitisho. Chini ya wasiwasi, wapigaji walimtazama mlinda mlango mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na mipira yao ikaelekea karibu naye, mahali anapoweza kuifikia. Matokeo haya yanaafikiana moja kwa moja na hoja ya Eysenck. Mlinda mlango ndiye kitisho. Jicho linakwenda kwake, na mguu hufuata jicho. Walinda mlango wanaocheza na mikono na kuyumba mstarini wanafanya hivyo wakijua, hata kama hawajasoma nadharia yoyote.

Matukio mawili ya Afrika yanastahili kutafakariwa hapa. Tarehe 2 Julai 2010, katika uwanja wa Soccer City, Johannesburg, Ghana na Uruguay zilikuwa 1-1 katika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, pale Luis Suárez alipouzuia kwa mikono mpira uliokuwa ukiingia golini. Asamoah Gyan, aliyekuwa amekwisha kufunga penalti mbili katika mashindano hayo, aligonga mwamba. Dakika chache baadaye alijitokeza kupiga mkwaju wa kwanza wa Ghana katika matuta, akafunga. Tarehe 12 Februari 2012 mjini Libreville, katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Didier Drogba alipaisha penalti ya kipindi cha pili. Katika matuta alifunga, ingawa Zambia ilitwaa kombe kwa mikwaju 8-7. Hakuna mtafiti anayeweza kudai kujua kilichopita akilini mwa wachezaji hawa, na penalti hukoswa hata na aliyetulia kabisa. Jambo moja tu ndilo linaloweza kusemwa kwa uhakika: hulka na ustadi wa mtu havibadiliki ndani ya dakika chache. Maelezo ya woga hayawezi kubeba penalti zote mbili za mchezaji mmoja.

Fainali ya Libreville inakumbukwa pia kwa wachezaji wa Zambia kuonekana wakiimba pamoja wakati wenzao wakipiga. Moll, Jordet na Pepping (2010) walionyesha kwamba namna mfungaji anavyoshangilia mkwaju wake ina uhusiano na matokeo ya timu yake: waliofunga na kushangilia waziwazi, kwa mfano kwa kunyoosha mikono yote miwili, walielekea zaidi kuwa katika timu iliyoshinda. Hisia, kwa hiyo, hazikai ndani ya mtu mmoja.

Je, hayo yote yanafundishika? Jibu la uaminifu ni kwamba yanafundishika kwa sehemu. Wood na Wilson (2011) waliwafunza wapigaji kwa majuma 7 kukazia macho sehemu ya goli wanayoilenga kabla ya kuukimbilia mpira. Katika mazoezi walilenga vizuri zaidi na mipira yao michache zaidi ikadakwa. Ilipofika zamu ya matuta yenye shinikizo, macho yao yaliendelea kutulia kama walivyofunzwa, lakini faida ya kulenga haikudumu. Timu ya Uingereza, iliyotolewa kwa penalti katika Kombe la Dunia la 1990, 1998 na 2006, ilijiandaa mahususi kwa jambo hilo na ikaishinda Colombia mwaka 2018. Mwaka 2021 ikapoteza fainali ya Ulaya kwa penalti vilevile. Maandalizi hupunguza hatari. Anayeahidi kuiondoa kabisa anauza kitu kingine.

Wasiwasi kwa mtu afanyaye mazoezi

Mtu anayefanya mazoezi kwa ajili ya afya hana mlinda mlango mbele yake, lakini ana macho ya watu. Hart, Leary na Rejeski (1989) waliita hali hiyo wasiwasi wa umbo, yaani hofu ya mtu kwamba wengine wanauhukumu mwili wake. Hofu hii ina mzunguko mbaya: anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayeona haya zaidi kuonekana akiyafanya. Kwa mwanamke mnene anayetaka kukimbia barabarani alfajiri, kikwazo mara nyingi si pumzi. Vikundi vya jogging vilivyoenea Dar es Salaam, vinavyokimbia kwa nyimbo na sare moja, pengine vimelitatua tatizo hili bila kulipa jina, kwa kuwa katika kundi la watu 60 jicho la mpita njia halimpati mtu mmoja wa kumtua.

Lipo tatizo jingine lisiloonekana kwa urahisi. Dalili za wasiwasi wa kimwili na dalili za mazoezi ni zilezile: moyo kwenda mbio, kuhema, jasho, kizunguzungu kidogo. Mtu aliyewahi kupatwa na mshtuko wa hofu huweza kuzitafsiri dalili hizo kama mwanzo wa maradhi ya moyo, akaacha mazoezi kwa kujilinda. Broman-Fulks na wenzake (2004) walionyesha kwamba vipindi vichache vya mazoezi ya kukimbia vilitosha kupunguza hofu ya dalili za mwili, na kwamba mazoezi makali yalifanya hivyo haraka zaidi kuliko mepesi. Kwa wasiwasi wa hulka subira zaidi inahitajika. Petruzzello na wenzake (1991), waliounganisha matokeo ya tafiti nyingi, walibaini kwamba wasiwasi wa hali hupungua hata baada ya kipindi kimoja cha mazoezi ya pumzi, ilhali wasiwasi wa hulka huhitaji programu inayozidi majuma 10.

Jina la hali na tatizo la hojaji

Suala la kutafsiri dalili linaturudisha kwenye lugha. Graham Jones na wenzake, katika miaka ya 1990, walionyesha kwamba wanamichezo wawili wenye kiwango kilekile cha wasiwasi wanaweza kutofautiana kwa kuwa mmoja anauona kuwa msaada na mwingine kizuizi. Alison Wood Brooks (2014), akiwachunguza watu walioimba, walohutubia na waliofanya hesabu, alibaini kwamba waliojiambia kuwa wana shauku walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Mwili ulikuwa uleule. Jina ndilo lililobadilika.

Kiswahili kina utajiri wa majina hayo, na kila moja linaelekeza upande wake. Woga ni tabia na una aibu ndani yake. Wasiwasi, neno lenye asili ya Kiarabu, limebeba maana ya mnong'ono wa shaka moyoni. Ndiyo maana kuwa na wasiwasi na mtu ni kumshuku. Kiwewe ni kuduwaa. Mchecheto, linalotumika zaidi mitaani, ni kukosa utulivu kunakoonekana mwilini. Kimuhemuhe, kwa upande wake, kinakaa katikati ya hofu na hamu: bibi harusi huwa nacho, na mtoto anayesubiri sikukuu huwa nacho pia. Kile ambacho Brooks aliwafundisha washiriki wake kwa maelekezo ya maabara, msemaji wa Kiswahili anacho tayari katika msamiati wake. Kocha anayemwambia mpigaji wake kwamba hicho alichonacho ni kimuhemuhe hamdanganyi, kwa sababu neno lenyewe linakubali kwamba moyo unadunda.

Utajiri huohuo ni mtego kwa mtafiti. Hojaji ya Martens na wenzake iliposanifiwa, watunzi walikwepa neno la Kiingereza lenye maana ya hofu ya moja kwa moja na kutumia lenye maana pana ya kulijali jambo, ili wahojiwa wasione haya kukiri. Lane na wenzake (1999) waliukosoa uamuzi huo kwa hoja kwamba anayelijali shindano si lazima awe na hofu nalo. Huenda ndiye aliyejiandaa vyema kuliko wote. Mfasiri wa Kiswahili anairithi kasoro hiyo na kulazimika kuchagua. Akiandika woga, wachezaji wengi, hasa wanaume, watakanusha. Akiandika wasiwasi, baadhi watajibu kuhusu mashaka yao juu ya mwamuzi au kikosi. Akiandika presha, neno ambalo watangazaji na wachezaji hulitumia kila siku, wengine watafikiria maradhi ya shinikizo la damu. Kutafsiri na kisha kurejesha tafsiri katika Kiingereza, utaratibu unaotegemewa katika tasnifu nyingi, hakulifichui tatizo hili, kwa kuwa maneno yote matatu yanaweza kurudi yakiwa neno lilelile moja la Kiingereza. Hatua inayohitajika ni ya mwanzo zaidi: kuwasikiliza wachezaji wenyewe, katika vyumba vya kubadilishia nguo vya ligi kuu na katika viwanja vya mchangani, wakieleza kwa maneno yao kilichowapata walipokuwa wakiutembelea mpira, na kuzitunga sentensi za hojaji kutokana na maelezo hayo.